Oswaldo Cruz: Daktari Aliyeogopwa Kuliko Ndui

Mwishoni mwa mwaka 2024, serikali yetu ilipotangaza mpango wa kuchanja mamilioni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kote nchini, wafugaji wengi hawakuuliza kwanza chanjo hiyo ingezuia maradhi gani. Waliuliza imetoka wapi, imelipiwa na nani, na haraka yote hiyo ni ya nini. Miaka mitatu kabla ya hapo, mnamo Novemba 2021, Wizara ya Afya ilikuwa imetoa amri kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba mtu asiyeweza kuthibitisha kwamba amechanjwa dhidi ya Korona asihudumiwe katika ofisi za umma. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo kabla ya siku yenyewe kufika. Katika mijadala yote miwili niliwasikia wasomi wenzangu wakiwacheka wananchi kwa kile walichokiita ujinga. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nikimkumbuka daktari mmoja wa Brazil ambaye alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, na ambaye mji wake ulimkataa kwa mawe na moto.

Ninafunza isimu, si tiba, na yamkini msomaji atauliza mwanaisimu ana haja gani na maisha ya daktari. Haja yangu ilianzia kwenye neno. Sheria ya chanjo iliyopitishwa Brazil mwaka 1904 iliifanya chanjo ya ndui kuwa kitu ambacho Wareno hukiita obrigatória, yaani cha lazima. Neno hilo ni ndugu wa obrigado, ambalo kila mgeni anayefika Rio de Janeiro hujifunza siku ya kwanza, kwa kuwa ndilo la kushukuru. Maana yake ya asili ni kwamba aliyepewa sasa amefungwa, ana deni kwa aliyempa. Shukrani na shuruti, katika lugha ile, zimezaliwa tumbo moja. Nayo vacina ya Wareno inatokana na neno la Kilatini la ng'ombe, kwa sababu Edward Jenner, mwaka 1796, alichukua ndui ya ng'ombe na kuitumia kumkinga binadamu. Waswahili hawakujali ng'ombe. Walitazama mkono na wembe, wakasema chanjo, kutokana na kuchanja. Waliita jambo kwa jinsi lilivyomfikia aliyefanyiwa, na nadhani watu wa Rio wangewaelewa.

Oswaldo Gonçalves Cruz alizaliwa tarehe 5 Agosti 1872 katika mji mdogo wa São Luiz do Paraitinga, mkoani São Paulo. Babake, Bento Gonçalves Cruz, alikuwa daktari. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano jamaa yake ilipohamia Rio, mji mkuu wa wakati huo. Brazil ilikuwa bado na mfalme, na ilikuwa bado na watumwa. Utumwa haukufutwa huko mpaka 1888, na jamhuri ikazaliwa mwaka uliofuata. Nayataja haya kwa sababu yatarudi. Kijana Oswaldo aliingia katika chuo cha udaktari akiwa na miaka 15 na kuhitimu mwaka 1892 akiwa na miaka 20, kwa tasnifu iliyohusu namna viini vya maradhi vinavyosafiri katika maji. Mwaka huo huo babake akafariki. Mwaka uliofuata alimwoa Emília da Fonseca, binti wa mfanyabiashara tajiri, na mkwewe akamsaidia kujipatia maabara ndogo. Hapo ndipo alipojizoeza kutazama kwa hadubini vile vijidudu ambavyo madaktari wengi wa nchi yake walikuwa bado hawavisadiki.

Kisha akaenda Paris kusoma katika Taasisi ya Pasteur, chini ya Émile Roux, na kurejea mwaka 1899. Mwaka huo tauni ilizuka katika bandari ya Santos, naye akawa miongoni mwa waliothibitisha kwamba ni tauni kweli. Serikali ikaona haja ya kutengeneza dawa ya tauni nchini, na mwaka 1900 ikafungua taasisi katika shamba la Manguinhos, nje kabisa ya mji. Inasimuliwa kwamba mkuu wa mpango huo aliwaandikia wakubwa wa Paris akiomba mtaalamu wa Kizungu, nao wakamjibu kwamba hana haja ya kutafuta mbali, kwa maana tayari yuko na Cruz. Mwaka 1902 Cruz akawa mkurugenzi wa taasisi hiyo.

Rio ya siku zile ilikuwa na sifa mbaya baharini. Mwaka 1895 manowari ya Italia iliyoitwa Lombardia ilitia nanga hapo, na mabaharia wake wengi wakafa kwa homa ya manjano. Meli nyingine zilipita mbali. Rais Rodrigues Alves, aliyeingia madarakani mwaka 1902, alitaka mitaji na wahamiaji kutoka Ulaya, na wenye mitaji hawapendi kufa. Mnamo Machi 1903 alimteua Cruz, wakati huo akiwa na umri wa miaka 30, kuwa mkurugenzi mkuu wa afya ya umma. Cruz aliahidi kuiondoa homa ya manjano katika muda wa miaka mitatu iwapo angepewa uwezo na fedha.

Alipewa. Carlos Finlay wa Cuba alikuwa amekwisha kueleza kwamba homa ile huenezwa na mbu, na Wamarekani walikuwa wameisafisha Havana kwa kufuata maelezo hayo. Cruz aliugawa mji wa Rio katika wilaya na kutuma vikosi vya wauaji wa mbu. Walipanda juu ya mapaa, wakamwaga maji yaliyotuama, wakatia mafuta kwenye matangi, wakafukiza vyumba kwa kiberiti, na kuwatenga wagonjwa. Mwenye nyumba aliyekataa alitozwa faini au kuletewa polisi. Kwa upande wa tauni, serikali ilianza kununua panya ili watu wawasake, na baada ya muda si mrefu baadhi ya watu wakawa wanawafuga panya nyumbani ili wawauzie serikali. Wachora vibonzo walineemeka.

Kama mambo yangekomea hapo, Cruz angecheka pamoja na wachora vibonzo wake. Lakini wakati ule ule ambapo watu wake walikuwa wakiingia majumbani, meya wa mji, Pereira Passos, alikuwa akizibomoa nyumba zenyewe. Alitaka Rio ifanane na Paris. Barabara kuu mpya ilipasuliwa katikati ya mji, na mamia ya nyumba zilizopangishwa kwa maskini zikaangushwa. Waliofukuzwa waliambiwa waondoke, hawakuambiwa waende wapi. Wengi walipanda vilimani, ambako baadhi ya askari waliorudi kutoka vita vya Canudos mwaka 1897 walikuwa wamekwisha kujenga vibanda. Mlima wao mmoja uliitwa Favella, kwa jina la mlima wa huko Canudos, na jina hilo limegeuka kuwa neno la dunia nzima kwa mitaa ya mabanda. Kila mara ninapoliona katika kamusi nakumbuka kwamba lilikua pale pale, miaka ile ile, ambapo serikali ilikuwa ikitangaza kwamba inawatakia watu afya.

Aliyefukuzwa hakuweza kuwang'oa watawala kwa kura, kwa maana katiba ya 1891 iliwanyima haki ya kupiga kura wale wasiojua kusoma na kuandika, na hao ndio waliokuwa wengi. Karibu na bandari, katika mitaa ya Saúde na Gamboa, waliishi watu weusi wengi, watumwa wa zamani na watoto wa watumwa. Wazee wao walitoka Angola na Afrika ya Magharibi, na wengine walikuwa wamesafirishwa kutoka Msumbiji, pwani moja na hii yetu. Watu hawa walikuwa na njia zao za kukabiliana na ndui. Wapo waliomheshimu Omolu, mungu wa Wayoruba mwenye mamlaka juu ya ugonjwa huo. Mtu wa aina hii, aliyekuwa mali ya mwingine miaka 16 tu iliyotangulia, sasa aliambiwa na mtu mwenye sare kwamba mkono wake si wake.

Mwaka 1904 ndui ilikuwa ikiua watu wengi Rio. Chanjo ilikuwepo tangu zamani, na sheria za kuilazimisha zilikuwepo vitabuni tangu karne ya 19, ila hazikutekelezwa. Katikati ya mwaka Cruz alitaka sheria yenye meno. Bunge lilijadili kwa miezi, na maelfu ya watu wakatia sahihi barua za kupinga. Jambo ambalo walimu wa somo la uraia wangefaa kulitazama kwa makini ni hili: kadiri mjadala wa kulazimisha ulivyopamba moto, ndivyo idadi ya waliokwenda wenyewe kuchanjwa ilivyoshuka. Wengi wa waliopinga sheria hawakuwa na neno na chanjo hapo mwanzo. Miongoni mwa wapinzani walikuwamo wanasheria mashuhuri kama Seneta Rui Barbosa, wafuasi wa falsafa ya Comte walioamini kwamba dola haina ruhusa ya kuingia katika mwili wa raia, na wanasiasa waliotafuta tu kisingizio cha kumwangusha Rais. Si kila aliyelia pamoja na maskini alikuwa na uchungu wao.

Sheria ilipitishwa tarehe 31 Oktoba. Tarehe 9 Novemba gazeti moja likachapisha rasimu ya kanuni za utekelezaji kabla ya afisa yeyote kuieleza kwa umma. Cheti cha chanjo kingehitajika kuingia shule, kupata kazi, kusafiri, kupanga chumba, hata kuoa. Uvumi ukaongeza yake: kwamba wanawake wangelazimishwa kujifunua mapaja mbele ya wanaume wageni. Chanjo ilikuwa ya mkononi, lakini mji uliokwisha kuona milango ikivunjwa haukuona sababu ya kutoamini lolote lililobaki.

Tarehe 10 Novemba fujo zikaanza. Tramu zilipinduliwa na kuteketezwa, taa za barabarani zikavunjwa, mawe ya barabara yakang'olewa. Tarehe 14 wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Praia Vermelha waliasi wakitaka kuipindua serikali, wakashindwa. Mtaani Saúde wakazi walijenga ngome ya magunia na takataka, wakaiita Porto Artur, kwa kuwa magazeti ya siku hizo yalijaa habari za ngome ya Port Arthur iliyokuwa ikigombewa na Warusi na Wajapani. Kiongozi wao mmoja alikuwa mtu mweusi aliyejulikana kama Prata Preta, yaani Fedha Nyeusi. Tarehe 16 serikali ikatangaza hali ya hatari na kusimamisha ulazima wa chanjo siku hiyo hiyo. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni watu 30 waliokufa, 110 waliojeruhiwa, 945 waliokamatwa na 461 waliopakiwa melini na kupelekwa Acre, katika misitu ya Amazon. Prata Preta alikuwa miongoni mwao. Wanasiasa walioichochea ghasia hawakupelekwa Acre. Mwaka uliofuata walisamehewa.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi nitoke Rio kwa aya moja. Marehemu nyanya yangu alikuwa na kovu la chanjo ya ndui mkononi, la mviringo, kama senti. Alichanjwa akiwa msichana, enzi za ukoloni, katika foleni iliyosimamiwa na watu wa chifu. Kakaye hakuchanjwa, kwa sababu alijificha katika ghala la mahindi. Ndui ilimpata miaka michache baadaye. Alipona, lakini uso wake ulibaki na mashimo mpaka alipozikwa, na jicho moja halikuona tena. Nilipokuwa kijana mwenye vyeti vingi nilimwambia nyanya kwamba kakaye alikuwa mpumbavu. Alinitazama kwa muda, kisha akanieleza kwamba watu waliokuja na wembe siku ile walikuwa ndio wale wale waliokuja kila mwaka kudai kodi ya kichwa, na kwamba kakaye alikuwa amelizoea lile ghala. Hakuwa amemkimbia daktari. Alikuwa ameona kofia.

Cruz hakuwa mtoza kodi, wala sidhani alikuwa mtu mwovu. Alichapisha magazetini mashauri ya afya kwa umma, kwa mji ambao wengi wa maskini wake hawakuweza kuyasoma. Alijua mbu anazaliwa wapi kwa kipimo cha mita. Alichokosa kupima ni umbali kati ya mlango wa kibanda na ofisi yake, na alidhani polisi wangeupunguza. Wapo wanaomtetea wakisema kwamba ndui haikuwa na subira ya kungoja watu waelimishwe. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza ayatazame yaliyofuata. Mwaka 1908 ndui ilirudi Rio kwa ukali ambao mji ulikuwa haujapata kuuona, ikaua watu zaidi ya 6,000. Safari hii watu walikwenda kuchanjwa wenyewe kwa wingi. Wengi wa waliozikwa mwaka huo wangekuwa hai kama kazi ya 1904 isingevunjika. Lawama hiyo nikiwatwika wote waliojenga ngome ya Saúde nitawaonea, na nikimtwika Cruz peke yake nitamwonea pia. Wanafunzi wangu hunishikilia niseme ni ya nani. Huwa nawajibu kwamba sehemu kubwa naiweka kwa wale waliobomoa nyumba kwanza na kuleta dawa baadaye, halafu tunaanza kubishana upya.

Katika homa ya manjano, Cruz alishinda. Kufikia 1907 ugonjwa huo haukuwa tena tishio mjini Rio, na Septemba mwaka huo maonyesho ya kazi yake yalipata medali ya dhahabu katika kongamano la kimataifa la afya mjini Berlin. Aliporejea alipokewa kama shujaa na mji ule ule. Mwaka 1908 taasisi ya Manguinhos ikapewa jina lake. Mwaka 1909 aliacha uongozi wa afya ya umma akabaki na taasisi yake, na mwaka huo huo mwanafunzi wake, Carlos Chagas, aligundua ugonjwa ambao hadi leo huitwa kwa jina la mgunduzi huyo. Mwaka 1910 Cruz alikwenda kwenye reli ya Madeira-Mamoré, ambako malaria ilikuwa ikifyeka wajenzi, akatoa mashauri kuhusu kwinini na vyandarua. Alichaguliwa pia kuwa mwanachama wa Chuo cha Fasihi cha Brazil, heshima isiyo ya kawaida kwa mtu wa hadubini.

Lakini figo zake zilikuwa zimeanza kumshinda. Mwaka 1916 alifanywa meya wa Petrópolis, mji wa milimani ulio karibu na Rio, na hapo alifariki tarehe 11 Februari 1917. Hakufikisha miaka 45.

Ndui ilikaa Brazil miaka mingine zaidi ya 50. Wagonjwa wa mwisho walipatikana Rio mwaka 1971, baada ya kampeni iliyozifikia karibu pembe zote za nchi hiyo. Mwaka 1973 Brazil ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo, na kwa miongo kadhaa wazazi wakazoea kuwapeleka watoto kwenye vituo vya jirani, bila malipo, kwa wauguzi waliowajua kwa majina. Korona ilipofika, suala la 1904 lilirudi mahakamani. Mnamo Desemba 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba chanjo inaweza kufanywa kuwa ya lazima, na anayeikataa anaweza kuzuiwa baadhi ya mambo, lakini hakuna anayeweza kushikwa na kuchanjwa kwa nguvu. Rais wa wakati huo, Jair Bolsonaro, alisema hadharani kwamba yeye hangechanjwa. Idadi kubwa ya wananchi wake walichanjwa hata hivyo.

Sehemu kubwa ya dozi hizo ilitoka Manguinhos, katika taasisi ambayo bado ina jina la Oswaldo Cruz. Jengo lake kuu ni kasri lenye minara miwili na nakshi za Kimoro, alilolipenda na kulisimamia mwenyewe. Lilikamilika mwaka 1918, mwaka mmoja baada ya kuzikwa kwake. Leo limezungukwa na mitaa ya mabanda, na baadhi ya wakazi wa mitaa hiyo hufanya kazi ndani yake.